Brauza Ikihang, Wacha Kulaumu Neti

Kuna risto moja haikosi kwa saiba yoyote hapa tao ya Kipkelion. Msee amejaza fomu ya HELB, amefika pale mwisho pa kutuma, skrini inageuka nyeupe, kamshale kanakuwa kaduara, kisha zii. Anagonga mausi. Anatukana neti. Beshte yake anamshow anunue lapi mpya. Tulia kwanza, hiyo doo ina kazi ingine.

Ni ukweli milima yetu hubania signo, hakuna mtu anabisha. Lakini neti mbaya na brauza imehang ni vitu mbili, na kuzijua ni rahisi. Kama kaduara kanazunguka lakini bado unapanda na kushuka kwa ukurasa vizuri, hiyo ni neti. Kama ni tovuti moja tu imegoma na zingine zinafunguka, shida iko kwao, si kwako. Jaribu iTax usiku wa 30 Juni, wakati Kenya yote inakimbia kufaili ritani ndio isilimwe faini ya ngiri mbili, utaelewa. Lakini kama hata ile X ya kufunga haijibu, na kikokotoo cha mashine kinafunguka kikijivuta, hapo ni memori imejaa.

Na nani ameijaza? Ni wewe, buda. Umefungua KUCCPS, YouTube ya ngoma, WhatsApp, odds za wikendi na eCitizen, yote juu ya lapi ya ex-UK yenye RAM ya GB 4. Tangu Chrome itoke 2008, ilijengwa matab zisikae chungu kimoja, ndio moja ikianguka zingine zisife nayo. Form safi, lakini kila moja inadai RAM yake.

Sasa shika hii. Ukiwa ndani ya Chrome kwa Windows, finya Shift na Esc pamoja. Kanatokea kajedwali kanaonyesha kila tab na kila ekstensheni imemanga memori ngapi. Bonyeza neno Memory pale juu, walafi wanajipanga kuanzia mkubwa. Chagua moja, finya End process. Chunga tu usiue ile yenye fomu yako! Halafu ingia Settings, tafuta Performance, uwashe Memory Saver. Hiyo hulaza matab zenye hutumii mpaka uzirudie.

Bado inahang? Fungua tovuti hiyo hiyo kwa Incognito. Huko ekstensheni huwa hazifanyi kazi, isipokuwa wewe mwenyewe uliziruhusu. Ikienda fiti, basi mshukiwa ni ekstensheni: zizime zote, kisha uwashe moja moja mpaka umshike. Kama Incognito pia inagoma, futa kashe. Lakini hapa wasee wengi huchoma: wanatiki kila kisanduku, wanafuta hadi paswadi zenye walikuwa wamesevu. Tiki ile ya picha na faili peke yake.

Cheki pia umri wa mashine. Chrome iliacha kusapoti Windows 7 na 8.1 ilipofika toleo la 110, mwezi wa Februari 2023. Kama lapi yako ingali huko, brauza haipati tena apdeti, na tovuti mpya zitazidi kuisumbua. Na kabla uuze ng'ombe ununue ingine, uliza fundi kama hiyo yako inakubali kuongezwa RAM na kuwekwa SSD. Lapi nyingi za ex-UK hukubali, na huwa ni doo kidogo sana kuliko mashine mpya.

Wa simu, msijione mmeponea. Machi 2021, simu za Android dunia nzima zilianza kufunga apu zenyewe, hata Gmail, juu ya hitilafu kwa WebView, ile sehemu inafungua kurasa za wavuti ndani ya apu. Dawa ilikuwa apdeti ingine ya WebView na Chrome kutoka Play Store. So apu zikianza kuanguka ovyo, angalia apdeti kabla ya kufuta kila kitu. Na simu ikiwa ndogo, Opera Mini bado ni mzito: hufinya ukurasa kwa seva zao kabla haujakufikia, kwa hivyo hata bando inadumu.

Ukiona tangazo limeruka kwa skrini likisema simu yako ina virusi, pakua kisafishaji sasa hivi, toroka. Hiyo ndio virusi yenyewe.

Mwisho, majibu marefu ya fomu yaandike kwanza kando, kisha ukopi na kupesti, ndio brauza ikianguka usianze upya. Na faili mapema, msee. Hakuna RAM itakusaidia saa tano usiku siku ya dedilaini.