Kisu Kinachofuata Viungo

"Hapo usikate. Tafuta kiungo." Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa mjomba, siku ya akika ya mtoto wa dada yangu, kule Tanga. Mbuzi alikuwa ameshachunwa, ananing'inia kwenye tawi la mwembe.

Mbuzi wa akika, anayechinjwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, hapigwi shoka. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ni sunna mifupa yake isivunjwe, ikatwe viungoni, kwa kumtakia mtoto usalama wa viungo vyake. Kwa hiyo mkataji sharti aujue mwili wa mnyama kwa vidole.

Mjomba alianza na mkono. Mkono wa mbuzi haukuungwa na kifua kwa mfupa, umeshikwa na nyama tu. Kisu kikapita chini ya bega, ukatoka mzima. Paja akalizungusha mpaka kichwa cha mfupa kikachomoka nyongani. Zikafuata mbavu, kila upande 13, na kidari. Kisha uti wa mgongo. Kwanza aliitoa sarara, ile nyama laini inayoambatana na mgongo, akaiweka kando: "Hii ya bibi yako, meno hana." Halafu akapapasa pingili mojamoja kwa kidole gumba, akaingiza ncha ya kisu zinapokutana, akaukunja mgongo, ukaachana bila mfupa kupasuka.

Ndipo nilipoelewa kwamba kila jina la nyama lina mtu wake. Sarara ni ya mzee. Shingo na pingili ni za chungu cha supu. Chinyango ni fungu la mchinjaji. Lakini katika udhiya, uchinjaji wa Idi Kubwa, mchinjaji halipwi ujira wake kwa nyama wala kwa ngozi. Hulipwa kando, na nyama akipewa, iwe zawadi au sadaka. Asiyejua chinyango ni nini hataona tofauti hiyo.

Leo buchani tunaulizwa: steki au mchanganyiko? Shoka linashuka kwenye gogo, pingili zinapasuka, vipande vinatupwa kwenye mizani. Simlaumu muuza nyama, anauza tunachoagiza. Watoto wetu wanakariri shuleni kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na pingili hawajaishika. Nani atamkumbuka bibi kwa sarara, ikiwa nyumba nzima hakuna anayelijua jina la nyama hiyo?

Penye akika, tuwaite watoto chini ya mwembe. Wa kiume na wa kike, washike mguu, wapapase mgongo, wataje majina.

Mjomba aliniachia pingili ya mwisho, karibu na mkia. Kisu kiligonga mfupa mara mbili. Mjomba hakunipokonya. Mara ya tatu kikapita.