Mpiga Tarumbeta Aliyeshika Kijiti

Katika okestra kubwa ya simfonia, ambayo aghalabu hukusanya wapigaji wapatao themanini au mia, wapiga fidla hukaa makundi makundi mbele ya kiongozi wao, na mmoja akiteleza kidole kosa lake humezwa na sauti za wenziwe walio kuume na kushoto. Walakini mpiga tarumbeta hana pa kujificha. Wao ni wawili, watatu au wanne tu, wameketi nyuma, kila mmoja na sehemu yake isiyopigwa na mwingine, na chombo walichopakata ni cha shaba, chenye sauti ipenyayo hata pale okestra nzima inaponguruma. Simfonia ya tano ya Gustav Mahler huanza kwa tarumbeta moja peke yake, na ndivyo yanavyoanza pia Maonyesho ya Picha ya Mussorgsky katika mpango wa Maurice Ravel wa mwaka 1922: ukumbi umejaa, watu wamenyamaza, na mtu mmoja ambaye midomo yake haijapata moto hutakiwa avute pumzi na kutoa noti ya kwanza isiyo na doa. Akisha kufanya hivyo, huenda akakaa dakika nyingi bila ya kupuliza chochote, akihesabu mapigo kimoyomoyo na kusikiliza wenzake wanafanya nini, hata zamu yake irejee.

Si wengi waliotoka katika kiti hicho wakapanda kwenye jukwaa la kiongozi. Mabingwa wa kuongoza okestra mara nyingi huanza kwa piano au kwa vyombo vya nyuzi: Arturo Toscanini alikuwa mpiga selo wa umri wa miaka 19 alipokabidhiwa kijiti kwa ghafla mjini Rio de Janeiro mwaka 1886, na Serge Koussevitzky alikuwa mahiri wa besi ya nyuzi. Kwa sababu hiyo kazi ya Gerard Schwarz wa Marekani yafaa kuelezwa kwa tafsili kidogo, maana yeye aliyashika yote mawili, tarumbeta na uongozi, kwa daraja la juu, na ilimlazimu kuliacha moja ili alipate jingine.

Alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Weehawken, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson mkabala na New York. Wazazi wake walikuwa madaktari wa asili ya Vienna, waliohajiri kutoka Austria katika zama za dhuluma ya Wanazi. Babu na bibi yake wa upande wa mama hawakuokoka, na miaka mingi baadaye mjukuu huyo aliwatungia muziki akauita kwa majina yao, Rudolf na Jeanette. Mwalimu wake mkubwa wa tarumbeta alikuwa William Vacchiano, aliyeingia New York Philharmonic mwaka 1935 na baadaye akakalia kiti cha kwanza cha tarumbeta. Kijana hakuchelewa: mwaka 1965 alijiunga na American Brass Quintet, kundi la wapigaji watano wa vyombo vya shaba, na mwaka uliofuata akaingia katika okestra ya Leopold Stokowski, American Symphony Orchestra. Vacchiano alipostaafu mwaka 1973, mwanafunzi wake alikuwa tayari miongoni mwa wakuu wa safu ile ile ya tarumbeta, naye hajafikia miaka 30.

Watu wa pwani yetu, waliolizoea tarumbeta katika beni na katika bendi za polisi, hulijua kama chombo cha kutangulia msafara na kupiga makelele ya furaha. Okestrani hutakiwa hayo na zaidi ya hayo, kwani mtunzi aweza kulitaka liimbe juu sana na wakati huo huo kwa sauti ndogo kabisa, na hapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa sauti haitoki katika shaba bali katika midomo inayotetemeka, na midomo ni nyama, huchoka. Isitoshe, tarumbeta la kale lilikuwa bomba tupu lisilo na kitu cha kubonyezwa, lenye noti chache tu ambazo midomo iliweza kuzilazimisha. Ni mpigaji mmoja wa Vienna, Anton Weidinger, aliyepigania tarumbeta lenye matundu na vifuniko, na kwa ajili yake Joseph Haydn alitunga koncheto mwaka 1796, naye Hummel akafuatia mwaka 1803. Vali tunazozibonyeza leo zilikuja miaka michache baadaye. Schwarz alizirekodi koncheto zote mbili, na mwenye sikio atatambua kwamba ni mtu anayeimba, wala hapigi mbiu.

Mwaka 1977 aliondoka New York Philharmonic kwa hiari yake. Msomaji apime uzito wa jambo hilo: kiti cha namna ile, mtu akishakipata, aghalabu hukikalia mpaka uzeeni, kwa mshahara mzuri na heshima isiyo na shaka, ilhali kiongozi kijana hana hakika ya kazi ya mwaka ujao. Lakini Schwarz hakurukia gizani. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameongoza muziki wa makundi ya ngoma ya kisanii ya Erick Hawkins na Eliot Feld, na huko kiongozi hujifunza somo ambalo chuo hakifundishi kwa urahisi, nalo ni kwamba mwendo wa muziki hauamuliwi na hamu ya kiongozi peke yake: mchezaji aliyeruka hewani hawezi kungojezwa huko.

Wengi hudhani kwamba kazi ya kiongozi wa okestra ni kutikisa kijiti mbele ya watu, jambo ambalo kwa hakika ndilo dogo kuliko yote. Kabla ya usiku ule wa tamasha amekwisha kusoma daftari la noti lenye mistari ishirini au thelathini inayokwenda pamoja, mstari mmoja kwa kila chombo. Ameamua pumzi ikatwe wapi, fidla zipungue kiasi gani ili filimbi isikike, na wapi papande bila ya kukimbia. Kisha ana siku chache tu za mazoezi kuwakubalisha watu mia, ambao baadhi yao waliupiga muziki huo kabla yeye hajazaliwa. Yeye mwenyewe hatoi sauti hata moja. Mimi naona kwamba miaka ya kukaa nyuma na kuhesabu vimya, akisikia okestra nzima mbele yake, ilimfaa Schwarz kuliko ambavyo zingemfaa saa nyingi za piano chumbani.

Mwaka huo huo wa 1977 alianzisha okestra ndogo mjini New York. Mwaka uliofuata akapewa Los Angeles Chamber Orchestra. Lakini jina lake limefungamana na Seattle, bandari ya kaskazini magharibi ya Marekani, alikofika mwaka 1983 kama mshauri, akawa mkurugenzi wa muziki mwaka 1985, asiondoke katika cheo hicho hadi mwaka 2011. Pale alifanya jambo ambalo viongozi wengi waliliogopa: badala ya kushindana na okestra za Berlin na Vienna kwa Beethoven, aliwaendea watunzi wa Marekani waliokuwa wamepitwa na mtindo wa wakati kwa kosa la kupenda nyimbo zenye utamu. Alirekodi simfonia zote saba za Howard Hanson. Alimfufua David Diamond, mzee aliyebahatika kuisikia kazi yake ikithaminiwa tena kabla hajafa mwaka 2005. Na Alan Hovhaness, aliyekuwa akiishi Seattle kwenyewe, alitunga simfonia ya mlima Saint Helens, volkeno ya jimbo hilo iliyolipuka mwaka 1980, ikarekodiwa na okestra ya nyumbani kwake. Rekodi hizo ndizo zilizoitoa okestra ya mji wa mbali ikajulikana ng'ambo.

Okestra hiyo haikuwa na nyumba. Ilishiriki jumba moja na opera na ngoma ya bale, ikizipisha na kupishwa. Mwaka 1993 tajiri mmoja wa mji, Jack Benaroya, alitoa dola milioni 15, na mwaka 1998 ulifunguliwa ukumbi unaoitwa kwa jina lake, wenye viti 2,500 hivi. Kwa kuwa treni hupita katika handaki chini ya mtaa ule, chumba cha muziki kilitengwa na jengo lililokizunguka na kuwekwa juu ya vipande vya mpira, ili mngurumo wa reli usipande kwa msikilizaji. Kiongozi ambaye hajui kula chakula cha jioni na matajiri, ajapokuwa na sikio la malaika, hatajenga ukumbi wa namna hiyo.

Mambo hayakuwa shwari daima. Miaka 26 ni mingi kwa bwana mmoja, na katika miaka ya mwisho baadhi ya wapigaji walitaka waziwazi mabadiliko, wengine wakamtetea, na magazeti hata ya New York yakauandika mzozo huo. Sioni ajabu: mamlaka ya kiongozi juu ya kazi ya mpigaji ni makubwa, na sikio la yule anayeongozwa kila wiki haliwi sawa na la mgeni wa usiku mmoja.

Alipotoka hapo hakustaafu. Aliunda All-Star Orchestra, wapigaji kutoka okestra mbalimbali za Marekani wanaokutana kwa siku chache mbele ya kamera, bila ya hadhira, kutengeneza vipindi vya televisheni ya umma vinavyofafanua muziki kwa wasioujua, na vipindi hivyo vimepata tuzo za Emmy. Tangu mwaka 2019 yuko Florida, akiongoza Palm Beach Symphony na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Miami, ambako wanafunzi wake wa kuongoza hutoka katika vyombo vya kila namna.