Kabla ya Kuziba Pengo: Vipandikizi vya Meno kwa Wakazi wa Karatu na Ngorongoro

Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Oldupai wilayani Ngorongoro, Mary Leakey aliona kipande cha mfupa kimechomoza ardhini, na alipokikaribia akatambua meno. Fuvu lililotokana na ugunduzi huo, lile la Zinjanthropus, lina umri wa takribani miaka milioni 1.75, na meno yake ya taya la juu yangali mahali pake. Hakuna sehemu ya mwili wa binadamu iliyo ngumu kuliko enameli, tabaka la nje la jino. Hata hivyo, jino linaloweza kudumu ardhini kwa muda wote huo mara nyingi halidumu kinywani hata miaka hamsini.

Anayepoteza jino siku hizi husikia kwamba pengo linaweza kuzibwa kwa jino la kudumu lisilovuliwa usiku, yaani jino lililojengwa juu ya kipandikizi. Mara nyingi swali lake la kwanza huwa ni la bei. Swali hilo ni la haki, lakini yapo mawili yanayopaswa kulitangulia: pengo hilo lilitokana na nini, na je, kilicholisababisha kimekwisha?

Mapengo ya Karatu na Ngorongoro yana historia tofauti. Yapo yatokanayo na kuoza kwa meno na magonjwa ya fizi, kama ilivyo kwingineko duniani. Katika vituo vingi vya vijijini huduma ya meno iliyo rahisi kupatikana ni kung'oa; mgonjwa aliyevumilia maumivu kwa miezi hufika jino likiwa limekwisha kuharibika kiasi cha kutozibika. Yapo yatokanayo na ajali za pikipiki, kuanguka na mateke ya mifugo. Yapo pia yaliyoanzia uchangani: mtoto anapopata homa au kuhara, baadhi ya wazazi huambiwa kwamba ana "meno ya plastiki", na fizi zake huchimbwa ili kuondoa kile kinachodhaniwa kuwa chanzo cha ugonjwa. Kinachotolewa ni vichipukizi vya meno, hasa chonge za utotoni. Mtoto huweza kutokwa na damu nyingi au kupata maambukizi ya hatari, na hata akipona, chonge za ukubwani huweza kuota zikiwa na kasoro au zisiote kabisa. Homa na kuhara vilikuwa na chanzo kingine, ambacho huachwa bila kutibiwa.

Si kila pengo ni upungufu. Kwa vizazi vingi Wamaasai wamekuwa na desturi ya kuondoa meno mawili ya kati ya taya la chini. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, ambaye taya zake zimekaza, aweze kunyweshwa kupitia nafasi hiyo. Leo pepopunda ina chanjo, na kung'oa jino zima kwa kifaa kisichotakaswa kuna hatari zake. Lakini mzee anayekula vizuri na kujivunia pengo lake hahitaji tiba, wala hapaswi kuulizwa kwa sauti ya kumwonea huruma. Kijana wa ukoo huohuo akitaka kuliziba, naye asikilizwe kwa heshima ileile.

Vilevile, si kila jino lenye kasoro linapaswa kuondoka. Kaskazini mwa Tanzania, katika ukanda wa Bonde la Ufa, maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana madini mengi ya floridi yatokanayo na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na katika ukanda huu vipo vyanzo vinavyozidi sana kiwango hicho. Magadi yatumiwayo kulainishia maharage na mboga huweza pia kubeba floridi. Mtoto anayeipata kwa wingi wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na hali ikiwa kali, enameli hubanduka. Vijana wengine huona aibu kucheka, na huenda wakatamani meno hayo yang'olewe ili wawekewe mengine. Huo ni ushauri wa kukataliwa. Jino la kahawia lenye mizizi imara ni bora kuliko kipandikizi chochote. Linaweza kung'arishwa, kufunikwa kwa ujazo wenye rangi ya jino, au kuvikwa taji. Kwa mdogo wake ambaye meno bado hayajaota, tiba ni kupata chanzo kingine cha maji na kupunguza magadi jikoni.

Pale ambapo pengo linahitaji kuzibwa, njia ni tatu. Ya kwanza ni meno bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo ni nafuu zaidi na hayahitaji upasuaji, ingawa huchezacheza na huhitaji kurekebishwa kadiri mfupa unavyopungua. Ya pili ni daraja, ambalo hushikizwa kwenye meno ya pembeni, na mara nyingi meno hayo hulazimika kuchongwa hata kama yalikuwa mazima. Ya tatu ni kipandikizi: skrubu ndogo, kwa kawaida ya madini ya titani, inayopandwa ndani ya mfupa wa taya na baadaye kuwekewa jino juu yake.

Msingi wa tiba hiyo uligunduliwa bila kutarajiwa. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mtiririko wa damu katika mifupa ya sungura, akaona kwamba kifaa cha titani alichokiweka kimeshikana na mfupa kiasi kwamba hakikuweza kutolewa kirahisi. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye aliishi na vipandikizi vyake kwa zaidi ya miaka 40. Leo, kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, zaidi ya vipandikizi tisa kati ya kumi huwa bado vinafanya kazi baada ya miaka kumi.

Maneno "waliochaguliwa vizuri" ndiyo yenye uzito. Baada ya jino kung'olewa, mfupa uliolishika huanza kupungua, na sehemu kubwa hupotea ndani ya mwaka wa kwanza. Aliyekaa na pengo miaka mingi huenda akahitaji kuongezewa mfupa kwanza. Kisukari kisichodhibitiwa, uvutaji wa sigara, tiba ya mionzi ya taya na baadhi ya dawa za mifupa huongeza hatari ya kushindwa. Anayetumia ugoro naye amweleze daktari, kwa kuwa tumbaku huumiza fizi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na kutumia dawa zake vizuri hazuiliwi kwa sababu hiyo pekee. Mtoto na kijana ambaye taya lake bado linakua asipandikizwe: kipandikizi hakisogei pamoja na taya, hivyo hubaki chini wakati meno jirani yanapanda. Huyo hupewa jino bandia la muda hadi ukuaji ukome.

Kwa mkazi wa Endulen, Nainokanoka au Mang'ola, kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti, nayo ni safari. Vipandikizi hupatikana zaidi mijini. Kwanza huja uchunguzi na picha za eksirei, kisha upasuaji, kisha miezi kadhaa ya kusubiri mfupa ushikane na skrubu, kisha vipimo vya jino na kuliweka. Hata baada ya hapo kipandikizi hudai uangalizi wa maisha yote. Hakiozi, lakini fizi na mfupa unaokizunguka huweza kushambuliwa na maambukizi yaleyale yaliyoangusha jino la kwanza, mara nyingi bila maumivu. Mfugaji anayehama na mifugo wakati wa kiangazi, asiyeweza kurudi kliniki, huenda akafaidika zaidi na jino bandia zuri la kuvaa kuliko kipandikizi kisicho na mwangalizi. Kumweleza hivyo si kumdharau. Ni kumwachia uamuzi akiwa na taarifa kamili.

Mhudumu wa afya wa zahanati ana nafasi kubwa hapa, hata kama hatashika kifaa cha upasuaji. Anaweza kupima sukari, kutibu fizi au kumpeleka mgonjwa mapema kabla jino halijafikia kung'olewa, kuuliza kuhusu maji na magadi nyumbani, na kumweleza mama mwenye mtoto mgonjwa ukweli kuhusu meno ya plastiki.

Lipo jambo jingine moja ambalo kila boma linaweza kulifanya. Jino la ukubwani likitoka zima kwa ajali, lishikwe upande wa taji, lisishikwe mzizi wala kusuguliwa. Likiwa na uchafu, lisuuzwe upesi, kisha lirudishwe mahali pake na kushikiliwa kwa kung'ata kitambaa safi, mgonjwa akikimbizwa kwa daktari. Ikishindikana kulirudisha, lisifungwe kwenye karatasi wala kuwekwa majini. Litiwe kwenye maziwa freshi, si mgando, ambayo husaidia chembe hai za mzizi zisife upesi. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa, ila hata muda huo ukipita safari isiahirishwe. Jino la utotoni halirudishwi, lakini mtoto apelekwe kuchunguzwa. Titani hutoka mbali na huja kwa gharama. Maziwa yapo kibuyuni, na jino lililookolewa ndani yake halihitaji kipandikizi.