Kaveera na Hukumu Isiyofika Kikuubo

Katika vichochoro vya Kikuubo, Kampala, mizigo ya jumla hupita vichwani na mabegani mwa wachukuzi, na bidhaa nyingi hufungwa katika kaveera, ule mfuko mwembamba wa plastiki. Mvua kubwa ikinyesha, mifuko hiyo huziba mitaro, mfereji wa Nakivubo hufurika, na maji huingia madukani. Je, mwenye duka anaweza kwenda mahakamani kwa madhara yanayomgusa kila mtu?

Anaweza. Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa kila raia haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 50 inaruhusu mtu au shirika lolote kushtaki kwa niaba ya wengine. Ruhusa hiyo ina uzito, kwa sababu uchafuzi huumiza watu wengi kidogo kidogo, na hasara ya mmoja haifikii gharama ya wakili.

Shirika la Greenwatch liliutumia mlango huo. Mwaka 2002 liliishtaki Serikali pamoja na NEMA, mamlaka ya mazingira. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kutengeneza, kusambaza na kutumia mifuko hiyo kunavunja haki ya wananchi. Hukumu ilichukua miaka 10. Kisha Sheria ya Mazingira ya 2019 ikakataza plastiki yenye unene chini ya maikroni 30. Hata hivyo, kaveera bado inauzwa.

Kasoro moja imo ndani ya katazo lenyewe. Jicho la mkaguzi haliwezi kutenganisha maikroni 29 na 31, hivyo mfuko haramu hujificha kati ya ile halali. Kenya, mwaka 2017, ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea bila kujali unene. Huko, ukiuona tu mfuko mkononi, unajua ni haramu.

Kwa hiyo kazi ya raia haikomi hukumu inaposomwa. Nchini Uganda, Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa ofisa wa umma siku 21 kujibu ombi. Wenye maduka wa Kikuubo wanaweza kuuliza kwa barua: viwanda vingapi vya mifuko hiyo vimekaguliwa, na vingapi vimefungwa? Jibu litawapa ushahidi. Likikosekana, wana sababu ya kurudi mahakamani. Haki iliyotamkwa mwaka 2012 ni yao, na wanastahili kuiona mitaroni mwao.