Korti za Buruburu zinavyomezwa na vyumba vya kupangisha

UKISHUKA matatu ya nambari 58 kando ya barabara ya Mumias South, jijini Nairobi, unapokewa na kelele. Makanga wanaita abiria, baa zinashindana kwa muziki, mchoma mahindi anapepea makaa na wauza mitumba wametandaza bidhaa hadi ukingoni mwa lami. Kata kona ya kwanza, kisha ya pili, na kelele hizo zinabaki nyuma. Mbele yako kuna lango la chuma na kibanda cha bawabu, na ndani yake safu za nyumba zenye mapaa ya vigae vyekundu, zikitazamana kuzunguka uwanja mdogo.

Hiyo ndiyo korti. Si ile ya hakimu na kizimba. Wakazi wa Buruburu hutumia neno hilo kwa kundi la nyumba zinazotumia njia moja ya kuingilia na kutokea. Mtu wa huku hakwambii anakaa barabara fulani. Hukutajia awamu, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, kisha korti, kisha nambari ya nyumba.

Waliochora mtaa huu walijua walichokuwa wakifanya. Njia ya korti haitokezei popote, kwa hivyo gari la mpita njia halina sababu ya kuingia. Mama aliye jikoni huona uwanja dirishani. Mtoto akianguka na baiskeli, milango mitatu hufunguka kwa pamoja, na mzee wa nyumba ya pembeni hujua huyo ni wa nani kabla hajauliza.

Sasa uwanja huo ndio unaogombaniwa.

Ujenzi wa Buruburu ulianza mwaka 1973 na ukaendelea kwa awamu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyumba zikakaribia 5,000. Baraza la Jiji la Nairobi lilishirikiana na serikali na shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, CDC, huku wanunuzi wakipata mikopo kupitia kampuni ya HFCK iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1965.

Kwa upande huu wa mashariki mwa jiji, jambo hilo lilikuwa geni. Mitaa iliyotangulia, kama Kaloleni uliojengwa miaka ya 1940, ilikuwa ya kupangishwa na wenye mamlaka. Mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni mjini, mtu ambaye angestaafu na kurudi kijijini na kitanda chake. Buruburu ilimwambia karani wa benki, mwalimu na afisa wa wizara kwamba anaweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi na mwishowe nyumba ikawa yake. Wengi waliingia wakiwa vijana, wakiwa na mtoto mmoja au hawana, na sofa la kuazima.

Hao ndio wazee wa leo.

Mshahara ulipokatika

Ni rahisi kusema kwamba Buruburu iliharibiwa na tamaa. Nimesikia hivyo mara nyingi, hasa kutoka kwa watu waliohamia mitaa yenye ua mkubwa zaidi. Lakini ukifuatilia miaka, utaona kilichotokea kina sababu zake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianza kuwataka wazazi wachangie zaidi gharama za elimu na matibabu, na baadaye vyuo vikuu navyo vikafuata. Kuanzia mwaka 1993, chini ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, maelfu ya watumishi wa umma walishawishiwa kustaafu mapema. Mtu aliyekuwa na miaka 45, watoto wawili katika shule ya upili na mmoja akisubiri chuo, alijikuta nyumbani asubuhi ya Jumatatu akisoma gazeti. Mshahara haukuwepo tena, lakini nyumba ilikuwepo.

Alianza na chumba cha mtumishi, kile ambacho kila mtu huku hukiita SQ. Yaya akaondoka, mpangaji akaingia. Kodi ya chumba hicho kimoja ikalipa karo ya muhula. Kisha likaja wazo kwamba mahali pa kuegesha gari, ambalo sasa lilikuwa limeuzwa, pangetosha vyumba viwili. Aliyekuwa na nyumba iliyopakana na barabara akavunja ukuta wa mbele na kufungua duka, saluni au kibanda cha simu. Baadaye kibanda cha simu kikawa cha M-Pesa.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 uhalifu uliongezeka, na korti nyingi zikajifunga kwa malango na kuajiri walinzi. Lango lilileta utulivu, lakini lilileta pia daftari la michango. Hapo ndipo majirani walipoanza kujuana kwa namna nyingine, ya nani amelipa na nani hajalipa, na kama mwenye wapangaji sita alipe sawa na mjane anayeishi peke yake. Swali hilo bado halijapata jibu katika korti nyingi. Limehama tu kutoka kwenye mkutano wa Jumapili hadi kwenye kundi la WhatsApp, ambako watu husema maneno wasiyoweza kuambiana usoni.

Ukuta wa jirani

Nyumba nyingi za Buruburu zimeshikana. Ukuta wako ndio ukuta wa mwenzako. Kwa hivyo mmoja akijenga kwenda juu, hajengi peke yake.

Kwanza hupotea mwanga. Jikoni iliyokuwa ikipata jua la asubuhi huwashwa taa saa nne. Kisha hupotea faragha, kwa sababu ngazi ya wapangaji hupita mkabala na dirisha la chumba chako cha kulala. Halafu nyufa huanza, nyembamba kama uzi, kwenye kona ya dari. Fundi akiitwa husema ni plasta tu. Huenda ni kweli. Lakini msingi uliomwagwa kubeba nyumba ya familia moja haukuhesabiwa kubeba ghorofa mbili zaidi za mawe na zege, na wakazi wa Nairobi wana sababu ya kuogopa majengo yaliyopandishwa kiholela. Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka Huruma, si mbali sana na hapa, na watu wapatao 50 wakafa.

Sheria ipo. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayejenga au kuongeza jengo anapaswa kupata idhini ya kaunti kwanza, na anayebadilisha matumizi ya ploti hutakiwa kutangaza ili wenye pingamizi wajitokeze. Mitaani mambo huwa tofauti. Lori la mchanga huja Ijumaa jioni, mafundi hufanya kazi wikendi nzima ofisi zikiwa zimefungwa, na Jumatatu jirani hufungua pazia akakutana na matofali.

Wanaotazama haya wakitaka kujua mwisho wake huelekeza kidole Umoja, ng'ambo kidogo tu. Mtaa huo nao ulijengwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Marekani, ukiwa na nyumba ndogo za chini. Leo katika sehemu kubwa ya Umoja huwezi kuiona nyumba ya awali. Maghorofa yamepandana bega kwa bega, nguo zimeanikwa kwenye kila baraza, na ukitaka kuona anga ni lazima uinue shingo.

Hata hivyo, maghorofa hayo yamejaa watu, na watu hao walihitaji pa kulala. Mpangaji wa SQ pale Buruburu mara nyingi ni kijana anayeanza kazi mjini, au muuguzi wa zamu ya usiku anayehitaji kufika kazini kwa matatu moja. Mama mboga aliye langoni, anayekata sukuma wiki kwa kisu chembamba huku akipiga soga, anaishi kwa kuwauzia wao. Na ukichunguza kwa makini, anayelalamika zaidi kuhusu ghorofa ya jirani huwa naye ana chumba kimoja au viwili huko nyuma. Tofauti yao ni urefu tu.

Maji ya usiku

Kisichosemwa sana ni kile kilicho chini ya ardhi. Mabomba ya maji na ya majitaka ya mtaa huu yalipimwa kwa kuhesabu familia moja kwa kila nyumba. Tuseme ile iliyokuwa ya watu sita sasa ina kumi na sita. Mfuniko wa shimo la majitaka hauna adabu wala aibu. Ukifurika, hufurika mbele ya mlango wa aliyejenga na wa asiyejenga.

Maji safi nayo huja kwa ratiba ya mgao. Ingawa bwawa la Ndakaini lilikamilika katika miaka ya 1990 ili kuokoa jiji, Nairobi imekua kuliko mabomba yake. Ndiyo maana kila paa lina tangi, jeusi au la rangi ya udongo. Usiku wa zamu ya maji, mkazi aliyezoea huamka saa nane, akafungua mfereji taratibu na kusikiliza. Mwenye pampu yenye nguvu akiwasha yake kwanza, mfereji wa jirani hukohoa hewa. Kukicha, mwenye mkokoteni huingia na mitungi yake ya njano, na biashara huwa nzuri kwake.

Hati ya marehemu

Kinachoweza kuamua hatima ya korti hizi kuliko maji na zege ni kabati lililo chumbani kwa wazee, mahali hati ya nyumba ilipo. Waliolipa rehani kwa miaka mingi wameanza kuondoka duniani. Katika nyumba kadhaa hati bado ina jina la baba aliyezikwa zamani, kwa kuwa familia haikuwahi kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi kama inavyotakiwa na Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981.

Basi hapo huwa na mtoto mmoja aliyebaki nyumbani kumtunza mama, mwingine yuko Marekani au Uingereza na hutuma pesa za dawa, wa tatu anataka iuzwe wagawane. Aliyebaki anasema kodi ya vyumba ndiyo inayomlisha mama. Wa ng'ambo anakumbuka uwanja alikocheza kandanda na hataki kusikia habari ya kubomoa, ingawa hajalala humo kwa miaka 20. Nyumba zenye mgogoro wa namna hii hutambulika kwa rangi iliyobambuka na mchongoma usiokatwa.

Wanunuzi huzijua. Hawaji kutafuta nyumba. Huja kutafuta ploti. Wakipata moja, nyumba huvunjwa na ghorofa kuanza, na wenye nyumba za pande zote mbili huanza kufikiria kuuza kabla kivuli hakijawafikia. Baadhi ya korti zimejaribu kuzuia hali hiyo kwa makubaliano ya wao kwa wao, kwamba uwanja wa katikati hauguswi na mtu asijenge kupita urefu fulani. Makubaliano hayo hushika mradi waliokubaliana bado wapo. Aliyenunua jana hakuwa mkutanoni, na katika hati aliyokabidhiwa hakuna mstari unaotaja uwanja wa watoto.