Wacha Nyundo, Leta T70

Mtaani kila mbogi ina msee wa Subaru. Unamskia kabla umwone. Mzinga umefunguliwa unapiga kelele hadi mathee wa mboga anashika sufuria, rimu zimechapwa rangi ya gold, na stika ya STI imebandikwa kwa Forester ya manuali yenye haijawai onja STI maisha yake yote. Hakuna noma, kila mtu na luku yake. Sasa muulize nati ya dreni ya giaboksi yake inafunguliwa na nini. Atakuangalia ni kama umemuitisha pini ya M-Pesa.

Jibu ni T70, ile nyota kubwa ya pembe sita. Na mimi kama ni kupeana heshima, nampea mwenye ako na soketi ya T70 kwa dashi kabla nimfikie mwenye mzinga. Mapenzi ya Subaru hii Nairobi ni ya kitambo, tangu 1990 Patrick Njiru amalize Safari Rally nambari nane na Legacy. Lakini hiyo mapenzi imebaki kwa sauti na rangi. Huko chini kwenye oil hupitia, ni wachache wanachungulia.

Kwanza ujue kitu moja: nati ya dreni ikivuja, mara mob giaboksi haijakufa. Chenye huziba oil hapo si meno ya nati. Ni ka-washa kembamba, ka alumini ama kopa, kenye hukaa kati ya kichwa cha nati na bodi ya giaboksi. Ukikaza, washa inafinywa, inalala, inaziba kila mkwaruzo. Ikishafinywa mara moja, kazi yake imeisha. So ukimwaga oil na urudishe washa ileile, usishangae ndai ikianza kutema. Kuna wasee hufunga meno ya hiyo nati na tepu nyeupe ya mafundi wa maji. Hiyo ni ya mabomba bana, huku haisaidii.

Halafu kuna kujua ni oil gani inavuja, na hapa ndiyo Subaru hucheza watu. Kwa manuali, giaboksi na difu ya mbele zinakunywa oil moja, na hiyo T70 inamwaga yote. Za kitambo zaidi nati ilikuwa na kichwa cha kawaida cha 21. Kwa otomatiki za gia nne ni risto ingine: giaboksi iko na ATF yake (oil ya otomatiki), difu ya mbele iko na oil yake, kila moja na dipstiki yake. Nati ya ATF hapo mara nyingi ni kichwa cha 17, T70 ni ya difu, na nati ya engine pia iko hapo karibu. Sasa unapata msee amelala chini, amejiamini, anamwaga oil ya difu akidhani ni ya engine. Anainuka anamimina lita nne za engine oil juu ya engine yenye ilikuwa tayari imejaa. Anawasha, anatoka na rada zake za Thika Road, na difu iko kavu. Hiyo sauti ya vyuma kusagana ukiiskia mara moja hutawai isahau, na bili yake pia.

So usiku tandika kartoni chini ya ndai. Asubuhi soma rangi. Nyekundu, hata kama imechoka, ni ATF. Rangi ya asali na harufu ya kiberiti yenye inakataa kutoka kwa vidole, hiyo ni gear oil. Nyeusi ya kuteleza ni ya engine, na hiyo ni maneno ya siku ingine.

Ukishajua ni nati gani, cheki sura yake kabla ushike kitu yoyote. Hakuna spana moja ya giaboksi zote, kila kampuni ilijiamulia. Honda ndiyo rahisi: shimo ni la mraba, na racheti ya 3/8 inaingia hapo direct bila soketi. Kuna msee wa Fit huzunguka tao mzima akitafuta tool yenye iko kwa boksi yake. Toyota nyingi za manuali zina kichwa cha 24, na otomatiki zake kadhaa zinataka alenki ya 10. VW za manuali za kitambo ni alenki ya 17, ile mnene yenye haipatikani kwa seti za supermarket. Na ukiwa na guka mwenye bado analinda Peugeot 504 yake kijijini, huko ni mraba wa milimita 8, mwambie akuonyeshe ufunguo wake, ako nao mahali.

Hiyo alenki ya 17 ina ujanja wa jua kali wenye mimi naupenda sana. Bolti nyingi za M10 zina kichwa cha 17. Unachukua bolti, unafunga nati mbili juu yake, unazikaza moja dhidi ya ingine mpaka zikwame. Kichwa cha bolti kinaingia kwa shimo, spana inashika zile nati mbili, unazungusha. Soo moja kwa hardware na umemaliza. Alafu kuna mtu anasema lazima uagize tool majuu.

Kwa T70 ujanja haupo, na hapa ndipo nyundo huingia. Umepeleka ndai kwa fundi wa kando ya barabara. Unamuuliza, "Fundi, uko na T70?" Anakujibu bila kuinua macho, "Lete tu boss, itaingia." Hiyo itaingia ndiyo neno la hatari hii wera yote. Chenye itaingia ni T60. Ncha hadi ncha, T60 ni kama milimita 13.25, na T70 ni 15.5. Hizo milimita mbili unaziona ukishika tochi: bit inacheza ndani ya shimo, inagusa tu pembe za juu. Anaweka paipu kwa racheti apate nguvu, anavuta, unaskia "tak", na kuna ka-ukingo ka chuma kanang'aa pale nyota ilikuwa na pembe. Akivuta mara ya pili ni duara. Baada ya hapo analeta tindo na nyundo, na bodi ya giaboksi ni alumini, haijatengenezewa hiyo ngumi.

Kwa hivyo jibebee yako. Nenda Kirinyaga Road, kule wazee bado wanaita Grogan. Ukifika tu utaitwa, "Kuja brathe, unataka taa? Unataka bampa?" Wewe sema T70 ya nusu inchi, na usiseme "ile nyota kubwa," juu utauziwa nyota yoyote kubwa. Ishike mkononi. Soma chenye imeandikwa: bit nzuri mara nyingi iko na S2, na namba ya size imechongwa, haijabandikwa stika. Angalia ncha: zikuwe wima na kali mpaka mwisho. Zikianza na mteremko, bit itashika juu juu na itaruka ukiikaza. Bei utabishana, lakini hata ukipigwa kidogo, giaboksi ya ex-Japan ni pesa ingine kabisa. Mbogi ikichanga wote, moja inatosha kila Subaru ya mtaa, bora kusiwe na ule beshte wa kukopa milele.

Ukiwa chini sasa, usikimbilie dreni. Anza na mahali oil huingilia, hakikisha inafunguka. Kwa Subaru nyingi ni dipstiki so uko sawa, lakini kwa ndai zenye ziko na nati ya juu, ukimwaga kisha nati ya kuingizia ikatae, umejifungia ndai kwa parking bila oil. Safisha lile shimo la nyota na spoku ama msumari, toa matope yote ya kutoka Utawala mpaka bit ikae chini kabisa. Ipige nyundo kidogo, hiyo tu ndiyo nyundo inaruhusiwa. Tumia bar ndefu, vuta polepole, mkono mmoja ukisukuma bit isiinuke. Ukiona sumaku ya nati iko na uji wa kijivu, usiwe na panic, huo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya kushikika ndivyo vya kukunyima usingizi.

Kurudisha ni washa mpya, na mkono wenye adabu. Nati ya manuali ya Subaru na washa ya alumini inataka kama Nm 44. Hiyo hata mtu mwembamba anafikisha, so ukiona mtu anasimama juu ya bar, mshukishe. Kukaza sana ndiyo hukula meno ya alumini, na meno yakishaliwa hata washa ya dhahabu haitaziba.

Na kama nyota ilishageuzwa duara na mtu mwingine kabla ununue ndai? Tafuta msee wa weldi mwenye mkono umetulia. Toa betri, pangusa oil yote na ukae na mchanga karibu, juu oil hushika moto. Anachomelea nati kubwa juu ya ile iliyoharibika, ule moto wenyewe unalegeza meno, unazungusha na spana ya kawaida ikiwa bado ya moto. Hiyo nati hairudi. Beba nayo Grogan kama sampuli, nunua mpya ya meno sawa, na ukiwa kwa hiyo kaunta ongeza washa mbili.