Sauti za Akina Mama Kwayani
Wengi wetu tuimbao kwaya hapa Nambambo, Nachingwea, hurudi nyumbani Jumapili sauti zimekauka, hata kumbembeleza mtoto ni taabu. Kinanda hutuzidi, na asiyeisikia sauti yake huipaza bila kujua, jambo aliloeleza tabibu Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911.

Inafaa tununue spika ndogo ya kuweka sakafuni, ituelekee sisi waimbaji. Humo zipite sauti zetu tu, kinanda kisiingie. Ikae nyuma ya kipaza sauti: vingi vya kuimbia, kama Shure SM58, havinasi sana upande huo, kwa hiyo ule mlio wa kukera hupungua. Vya kuvaa masikioni ni vizuri, lakini kwaya ya mama 20 itanunua vingapi? Na betri je? Wakati tukichanga, mpiga kinanda apunguze.